Shule ya misitu isifungwe mwezi wa saba

Ndugu Mhariri,

Hapa Lubumbashi, kila panapozungumzwa kufungua chuo cha ufundi cha miaka miwili kwa kazi za misitu na mazingira, mazungumzo yanaanza na jengo: madarasa mangapi, uzio wa matofali, ofisi ya mkurugenzi upande gani. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme juu ya kalenda. Chuo cha misitu kikifuata mwaka wa masomo kama shule nyingine, wanafunzi watakosa sehemu kubwa ya kazi waliyokuja kujifunza, hata walimu wakiwa hodari namna gani.

Shule zetu zinafungua mwezi wa tisa, vyuo vikuu mara nyingi mwezi wa kumi, na likizo kubwa inaangukia kiangazi. Pori la miombo nalo lina ratiba yake. Mvua inakatika mwezi wa nne. Mwezi wa tano nyasi zinaanza kukauka vichwani huku mashina yakiwa bado na unyevu, na hapo ndipo moto wa mapema, ule mpole wa kukinga pori na moto mkali, unapochomwa, hadi mwanzo wa mwezi wa saba. Kuanzia mwezi wa nane maganda ya mutondo (Julbernardia) na muputu (Brachystegia), miti mikuu ya miombo, yanapasuka kwa jua na kurusha mbegu. Miche ya miti mingi ya kupandwa inaoteshwa kiangazi hicho hicho ili ifikie kimo chake mvua zikishashika. Mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo miezi ya moto mkali. Mwanafunzi wa kalenda ya kawaida atasoma habari za moto huku mvua ikipiga mabati ya darasa, na pori likianza kuwaka yeye yuko likizo kwao Katuba.

Pendekezo letu ni kwamba mwaka wa chuo uanze mwanzoni mwa mwezi wa tano. Hesabu, sheria, elimu ya udongo na uandishi wa ripoti viwekwe mwezi wa kwanza hadi katikati ya wa tatu, wakati barabara ya Kasenga ni matope na gari la wanafunzi lingekwama tu. Likizo ndefu ifuate hapo, wiki sita. Wizara inaweza kulalamika kwamba chuo hakilingani na vingine. Pori halisomi waraka wa wizara.

Kuna wanaouliza kwa nini tusitosheke na chuo kikuu. UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, ina kitivo cha kilimo kinachotoa wahandisi, na Kinshasa kuna ERAIFT, shule ya uzamili ya misitu ya tropiki, kwa waliokwisha kumaliza shahada ya kwanza. Anayekosekana ni mtu wa kati: anayeweza kuongoza kikosi cha watu wanane porini, akarudi na vipimo vinavyoaminika, akavichora kwenye ramani. Jirani zetu wanaye. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, chuo cha misitu cha Mwekera karibu na Kitwe kinafundisha watu wa ngazi hiyo katika miombo ile ile iliyo kwetu. Tanzania wana Olmotonyi, Arusha. Marekani wamejenga mtandao mzima wa vyuo vya jamii vya miaka miwili tangu kile cha Joliet, Illinois, kilichofunguliwa mwaka 1901. Kijana anasoma karibu na kwao kwa ada nafuu, anatoka na kazi mkononi, na akitaka anaendelea chuo kikuu bila kuanza upya. Hapo tuangalie jambo moja kabla ya kunakili. Kwao krediti 60 ni kozi nzima ya miaka miwili. Katika mfumo wetu wa LMD (lisansi, masta, udaktari) krediti 60 ni mwaka mmoja, na lisansi, yaani shahada ya kwanza, ni 180. Chuo chetu kikiandikiwa krediti 60 kwa sababu mtu alinakili karatasi ya Marekani, wahitimu watapoteza mwaka mzima siku ya kuingia UNILU. Ziandikwe 120, na kitivo kitie sahihi kabla mwanafunzi wa kwanza hajaandikishwa.

Kazi zipo, tena sheria zenyewe ndizo zinazozileta. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ilifungua mlango wa misitu ya jamii, na amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa hadi hekta 50,000. Lakini jamii haiwezi kutumia msitu wake bila mpango rahisi wa usimamizi, na mpango huo unadai ramani, hesabu ya miti na mgawanyo wa maeneo. Nani atapima? Mara nyingi ni mtaalamu wa kukodiwa anayekaa kijijini siku chache, akaondoka na daftari. Upande wa migodi, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai utafiti wa athari kwa mazingira na jamii pamoja na mpango wa kuzisimamia, na mpango huo ni kazi ya kila wiki: kuchota maji, kupima vumbi, kukuza miche, kufunika mabaki ya madini kwa mimea. Kwa kazi hizo haihitajiki PhD. Anahitajika mtu mwangalifu aliyefundishwa kwa mkono.

Tuchukue kupima miti, kwa sababu wengi wanadhani ni kazi ya siku mbili. Kiwanja cha duara cha hekta 0.1 kina nusu kipenyo cha mita 17.84. Ukikosea kamba kwa mita moja tu, ukafika 18.84, eneo linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 11, na makadirio ya msitu mzima yanavimba kwa kiasi hicho hicho. Penye mteremko kamba inashikwa sawa na usawa wa maji. Ikilazwa juu ya ardhi, kiwanja kinakuwa kidogo kuliko ulivyoandika. Kwenye mteremko wa asilimia 20 inabidi kutembea mita 18.19 kuelekea juu au chini ili upate mita 17.84 za mlalo.

Shina linapimwa mita 1.30 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Mti ukigawanyika chini ya kimo hicho unahesabiwa mashina mawili, ukigawanyika juu yake ni shina moja. Penye nundu au kovu la moto unapanda hadi shina liwe laini tena, na unaandika kimo ulichopimia. Halafu kuna kosa linaloharibu daftari nzima: utepe mmoja unasoma mzingo, mwingine unasoma kipenyo, na anayeandika hajui ni upi ulio mkononi mwa mwenzake. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha karibu 30. Ukiandika 94 katika safu ya kipenyo, eneo la mkato wa shina linakuwa karibu mara 10 ya ukweli. Mkaguzi anaona msitu mnene kama wa jimbo la Equateur, na ruhusa ya kukata inatolewa kwa mbao zisizokuwepo. Dawa yake ni ya bei rahisi: kichwa cha kila ukurasa kiandikwe ni mzingo au kipenyo, na mwandishi arudie namba kwa sauti kabla ya kuiandika.

Urefu unapimwa kwa klinomita, kifaa cha kusoma mwinuko. Simama mita 20 za mlalo kutoka kwenye mti, soma kilele, tuseme asilimia 45 juu, soma shina linapogusa ardhi, tuseme 8 chini. 53 kwa mia mara 20 ni mita 10.6. Mguu wa shina ukiwa juu ya usawa wa macho yako unatoa badala ya kujumlisha, na hapo wanaoanza huanguka kila mara. Miti ya miombo ina vichwa vipana kama miamvuli, kwa hiyo ukisimama karibu mno unasoma tawi la mbele ukidhani ni kilele. GPS nayo isiabudiwe: chini ya matawi kosa la mita 5 hadi 10 ni la kawaida. Kwa mpaka wa hekta 1,000 si neno. Kwa kiwanja cha mita 50 kwa 50 ni balaa, na huko dira na kamba vinabaki kuwa wakubwa.

Majina pia. Wanakijiji wanajua miti kuliko mwalimu yeyote, lakini jina moja la kienyeji linaweza kubeba Brachystegia mbili au tatu. Mwanafunzi abanike majani, maua na maganda katika magazeti makavu, abadilishe magazeti kila siku mpaka vikauke, na kila tawi liwe na namba inayolingana na daftari. Magazeti ya zamani, Ndugu Mhariri, yatapata kazi huko.

Sasa kitalu, ambako fedha nyingi za upandaji miti zinapotelea. Hesabu ianzie mwisho. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inataka miche 1,111. Ongeza asilimia 20 ya kuziba mapengo, ni 1,333. Kama mbegu zinaota asilimia 60 na kitaluni inapona asilimia 80 ya zilizoota, unahitaji karibu mbegu 2,780. Anayenunua mbegu 1,200 kwa hekta atamalizia kwa kuomba miche ya jirani, miti asiyoijua, mwezi wa kwanza.

Kila mbegu ina tabia yake. Mbegu za mutondo na muputu huota upesi lakini hazivumilii ghala. Zikiokotwa mwezi wa tisa zikapelekwa ofisini kusubiri mradi upitishwe, nyingi zinapoteza uwezo wa kuota. Za Acacia auriculiformis ni kinyume chake: zinakaa miaka, ila zina ganda gumu, na bila kumwagiwa maji yaliyotoka kuchemka kisha kuachwa humo usiku kucha zitaota moja moja kwa miezi. Mulombwa (Pterocarpus angolensis) ndio unaowaaibisha watu. Ganda lake lina miiba, mbegu ndani ni chache na kuitoa ni kazi, na mche ukiota unakufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzizi upate nguvu ya kurusha shina la kudumu. Kwa hiyo anayeahidi kupanda mulombwa mmoja kwa kila mmoja aliokata, na kukabidhi shamba lenye miti baada ya miaka miwili, hajawahi kuukuza.

Udongo wa viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kukuzia miche: sehemu tatu za udongo wa juu wa msituni, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza kabisa. Huo wa msituni uchukuliwe chini ya miti mizima ya aina ile ile. Mizizi ya Brachystegia na Julbernardia inaishi kwa ushirika na uyoga wa ardhini, na bila uyoga huo miche inakuwa ya njano na kudumaa hata ukimwagilia mara tatu kwa siku. Miongoni mwa uyoga wanaouza akina mama kando ya barabara wakati wa mvua, ule wa rangi ya yai ni jamaa wa ushirika huo huo. Msitu ukiisha, na kibakuli cha uyoga huo kinaisha.

Mche unapohamishwa kutoka tutani kwenda kwenye kiriba, mzizi ukikunjwa kama ndoana utabaki hivyo maisha yote. Mti utakua miaka mitatu ukipendeza, kisha upepo wa kwanza wa mvua unaulaza. Shimo la kijiti liwe refu kuliko mzizi, na mzizi ukizidi urefu ukatwe kwa wembe. Viriba vilivyokaa chini vinyanyuliwe kila wiki mbili au tatu ili mizizi inayotoboa ikatike ingali midogo; ukisubiri hadi siku ya kupanda, unakata nusu ya mizizi na mche unakauka shambani. Wiki nne za mwisho maji yapunguzwe na kivuli kiondolewe.

Mvua ya kwanza isikudanganye. Chimba kwa mkono: udongo ukiwa na unyevu hadi sentimita 30, panda. Kwetu hiyo ni mwisho wa mwezi wa kumi na moja hadi mwanzo wa wa kwanza. Mche uliopandwa katikati ya mwezi wa pili hauna wiki za kutosha za kushusha mizizi kabla mvua haijakatika. Plastiki itolewe, yote, si kuchanwa chini tu. Hili linaonekana dogo, lakini fukua miche iliyokufa kando ya barabara yoyote ya mji huu uone mingapi bado imevaa kiriba.

Halafu kuhesabu. Mikataba mingi ya upandaji inalipwa kwa idadi ya miche iliyopandwa, au inahesabu iliyopona mwezi wa pili, wakati kila kitu ni kijani. Kiangazi ndicho kinachoua, pamoja na moto na mbuzi. Hesabu ya kweli ni ya mwezi wa kumi, kabla ya mvua mpya. Fundi aliyefundishwa vizuri ataomba mkataba uandikwe hivyo, na atapendwa na wachache.

Kwa hekta zilizo nyingi, hata hivyo, miombo haihitaji kupandwa. Ukikata mti, kisiki kinachipua, na mizizi iliyosambaa inatoa machipukizi mengine. Kinachoua kurudi huko ni jembe linalong'oa visiki kwa ajili ya mahindi, na moto wa mwezi wa tisa unaounguza machipukizi ya mwaka mmoja kila mwaka. Jambo hili lilipimwa karibu nasi. Karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, kuanzia mwaka 1933, viwanja vya miombo viliwekwa kando kwa kando: kimoja kilichomwa mapema kila mwaka, kingine kilichomwa mwisho wa kiangazi, kingine hakikuchomwa kabisa. Kile cha moto wa kuchelewa kiligeuka nyasi zenye miti ya hapa na pale. Kisichochomwa kilizidi kuwa msitu mzito. Cha moto wa mapema kilibaki na miti yake. Chuo chetu kianzishe viwanja vitatu vya namna hiyo siku ya kwanza, hata vya robo hekta, na kila darasa livipime na kuviachia darasa linalofuata.

Kuchoma mapema kuna taratibu zake. Chefu wa kijiji na majirani wajulishwe kwa maandishi. Mkanda wa kuzuia moto wa mita 5 hadi 10 usafishwe mpaka udongo uonekane. Moto uwashwe alasiri, upepo unapotulia, ukirudi nyuma dhidi ya upepo, kikosi kikiwa na matawi mabichi na pampu za mgongoni za lita 15 au zaidi. Ndimi zikipita urefu wa mtu, au upepo ukigeuka, kazi inasimamishwa. Na kesho yake asubuhi mtu arudi kugusa magogo yaliyolala, kwa sababu gogo linaweza kufuka siku tatu na kuwasha pori wiki ambayo kila mtu ameshasahau.

Makala, yaani makaa ya kupikia, hatuwezi kuyaruka, maana mji unapika kwa makala na utaendelea kupika kwayo. Kuna vyuo vinavyofundisha misitu kana kwamba mchoma makala ni mwizi tu. Afundishwe kazi yake. Kuni mbichi zinatumia moto wao kuchemsha maji yao. Zikaushwe angalau wiki tatu au nne. Magogo ya chini yawekwe kama reli ili hewa ipite, manene katikati, membamba kuziba nafasi, kisha nyasi, kisha udongo wa unene wa sentimita 15 hadi 20 bila mawe. Moshi ndio saa ya mchomaji: mweupe mzito ni mvuke, wa njano ni kuni zikigeuka, wa bluu mwembamba ni makala yakianza kuungua, na hapo mashimo yote yanazibwa. Tanuru likibonyea usiku na hakuna mlinzi, hewa inaingia na asubuhi ni majivu. Tanuru baya linatoa kilo 10 hadi 12 za makala kwa kilo 100 za kuni kavu. Lililopangwa vizuri linafika 20, na lenye bomba la moshi likisimamiwa linaweza kupita hapo. Mifuko ile ile inayoingia mjini kwa baiskeli kila alfajiri ingetoka kwenye miti karibu nusu yake. Tena eneo ligawanywe: hekta 100, sehemu 25 za hekta 4, moja kila mwaka, visiki vikatwe chini, kwa mshazari ili maji yasitulie juu, na baada ya miaka miwili machipukizi yapunguzwe hadi mawili au matatu kwa kisiki.

Upande wa maji na udongo, mji wetu wenyewe ni darasa. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza mwaka 1911, na kwa kuwa upepo mkuu unatoka kusini-mashariki, vumbi la madini liliangukia upande wa pili, ukiwemo mtaa wa Penga Penga. Udongo huko ulibaki mtupu mahali pengi. Kupanda mti katika shimo lililojazwa udongo mzuri kunafurahisha picha za uzinduzi, lakini mizizi ikifika ukuta wa shimo inakutana na shaba. Njia iliyoonyesha matokeo ni kutuliza udongo kwa chokaa pamoja na mboji, kisha kupanda nyasi zinazovumilia shaba kama Microchloa kunthii, ili vumbi lisipeperuke na maji yasilichukue. Mwanafunzi aelewe kwamba metali bado imo ardhini, na kwamba mboga zisilimwe hapo hata kama pamekuwa kijani.

Kuchota sampuli ya maji ni kazi ya dakika kumi inayoweza kupoteza mwezi wa maabara. Anza juu ya mto kabla ya bomba la mgodi, kisha chini yake. Bila sampuli ya juu hutathibitisha kitu. Ingia ukielekea mkondo unakotoka, ili matope ya miguu yako yaende nyuma. pH, kipimo cha uasidi wa maji, ipimwe pale pale, kwa sababu njiani inabadilika, na chombo kisawazishwe kila asubuhi kwa myeyusho wa 4 na 7, au 7 na 10 kama maji yametoka kwenye chokaa ya kiwandani. Ncha yake ihifadhiwe katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kamwe isiwe maji yaliyotoneshwa. Kwa metali zilizoyeyuka, chuja kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.45, ndipo utie asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, metali iliyoshikamana na matope inayeyuka ndani ya chupa, na ripoti itasema mto una shaba mara nyingi kuliko ukweli. Kampuni italeta mtaalamu wake, kosa litaonekana mbele ya hakimu, na kijiji kitashindwa kesi ambayo pengine kilikuwa na haki nayo. Kila chupa iwe na karatasi inayoonyesha nani alichota, saa ngapi, nani alipokea. Mwanafunzi ajue pia kiwango cha kulinganisha: Shirika la Afya Duniani linaweka shaba katika maji ya kunywa isizidi miligramu 2 kwa lita, risasi 0.01. Kwa kobalti halijaweka kiwango, kwa hiyo anayeandika kwamba kobalti imepita kiwango chake amejitungia.

Msumeno wa mota ufundishwe mwaka wa pili tu, kwa wachache, na vifaa kamili vya kujikinga. Mkato wa mbele robo ya kipenyo, bawaba ya mbao isiyokatwa karibu sehemu moja ya kumi, njia ya kukimbilia imefyekwa nyuma kwa mshazari, na mtu mwingine yeyote awe mbali kwa urefu wa miti miwili. Chuo kisicho na bima kisiguse msumeno.

Darasa la watu 24 linatosha: vikosi sita vya watu wanne, kila kimoja na dira, klinomita, kamba ya mita 50, tepe mbili na GPS moja. Zaidi ya hapo, wa tano anashika daftari la mwenzake na kutazama. Kabla ya matofali chuo kipate pori, walau hekta 100, kwa makubaliano yaliyosainiwa na chefu na jamii yake, yakisema wazi nani atachukua kuni zitakazokatwa katika mazoezi. Walimu nusu wawe watu wa kazi, hata wasio na shahada. Mwangalizi wa kitalu na mchoma makala mzoefu walipwe kwa saa kama mhandisi. Hapo ndipo tunapotarajia ubishi mkubwa kuliko wa kalenda.

Na kampuni za madini zinazotaka kuonekana zimesaidia, badala ya kutoa fulana za siku ya mti, zipokee wanafunzi wawili wawili kwa miezi mitatu, ziwape kituo kimoja cha kuchota maji na ruhusa ya kulinganisha vipimo vyao na vya maabara ya kampuni. Kampuni itakayokubali sharti hilo la mwisho iandike barua kwa kamati ya chuo kabla ya mwezi wa pili, ili majina yaingie kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza.

Wakufunzi wa kazi za misitu,
Kampemba, Lubumbashi